Chia Iliyoota Mtungini

Nusu kilo ya chia iliingia nyumbani kwetu Kilakala, Morogoro, ikitokea viwanja vya Nanenane, mkononi mwa baba watoto, jioni ya tarehe 8 Agosti. Alikuwa amekwenda kutazama ng'ombe na matrekta. Akarudi na mfuko wa mbegu ndogo za kijivu zenye madoa, pamoja na karatasi iliyotaja magonjwa yote ambayo mbegu hizo zilisemekana kuyaponya. Ilianza na presha ikaishia na utasa. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka mbali, maana nyumba yenye mgonjwa wa presha haihitaji karatasi ya kumshawishi aache vidonge vyake. Mbegu zenyewe nilizipokea kwa mikono miwili.

Kama chakula, chia haina haja ya kusingiziwa miujiza. Karibu theluthi moja ya uzito wake ni nyuzinyuzi, karibu theluthi nyingine ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ile omega-3 ya mimea ambayo mboga zetu nyingi zina kidogo tu. Protini ipo, madini ya chokaa yapo tele. Ukiiloweka hunywa maji mara 10 ya uzito wake na kila mbegu hujivika utelezi, mpaka kijiko kimoja kinajaza kikombe. Mtu akiinywa kabla ya chakula hushiba mapema. Hilo tu latosha kuwa sababu ya kuiweka jikoni kwa mtu aliyeambiwa na daktari apunguze uzito.

Utelezi huohuo ndio uliotutia hofu ya kwanza. Jirani mmoja mwenye nia njema alimshauri baba watoto azibwie kavu, kijiko kimoja alfajiri, halafu ashushie maji. Alikuwa ameshaziweka kiganjani binti yetu mkubwa alipomshika mkono. Alikuwa amesoma habari ya mgonjwa wa Marekani ambaye madaktari walimwelezea mwaka 2014 katika mkutano wao: alibwia kijiko cha chia kavu, akanywa glasi ya maji, na mbegu zikafuria kwenye umio wake zikaziba njia ya chakula, ikabidi ziondolewe hospitalini. Tangu asubuhi ile chia yetu hulala majini usiku kucha, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa kavu.

Mfuko ulipoanza kupungua, baba watoto akasema watu wenye uwanja hawawezi kuendelea kununua mbegu kwa bei ile. Akatenga kikopo kimoja, akakifunga kwa karatasi ya nailoni, tukangoja masika.

Kiwanja chetu kiko pale mji unapoanza kuupanda Uluguru. Ukisimama barazani unauona mji wote ukishuka hadi Msamvu na kule Kihonda. Ukigeuka, uso wako unakutana na mlima. Udongo ni mwekundu na mzuri. Taabu yake ni kwamba umelala kwenye mteremko, na kila masika tunashindana nao usihamie kwa jirani wa chini.

Mwishoni mwa Februari mama mkwe akashuka kutoka Mgeta kwa ajili ya kliniki ya macho. Alikuja na magimbi, njegere, na kiroba cha samadi ya wale mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway waliopelekwa Mgeta miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine. Wengine huleta zawadi ya kuku. Yeye huleta samadi, na kwa mtu mwenye bustani hiyo ndiyo zawadi. Shamba analolima lilitoka kwa mama yake mzazi, kwa desturi ya Waluguru ambao ukoo na ardhi yao hufuata upande wa mama. Anapousema udongo, anausema kama mwenye mali.

Nilimwonyesha kikopo.

"Mwanangu, hizi ni nini?"

"Ni chia, Mama. Baba watoto anataka kuzipanda."

"Zinapikwa?"

"Zinalowekwa, zinanywewa."

"Na majani yake?"

"Bado sijayaona, Mama."

Akazimimina kiganjani, akazisogeza kwa kidole, akazirudisha. "Mbegu ndogo namna hii haitaki kufukiwa. Na mteremko huu wenu hautaivumilia." Hakusema zaidi. Kwake yeye, kumwambia mwanawe mtu mzima la kufanya mara mbili ni kumvunjia heshima.

Naye mwanawe alikuwa na haraka ya Jumamosi. Alilima kipande kilichokuwa juu ya migomba, akakisawazisha kwa reki, akamwaga mbegu kwa mkono na kuzifunika kwa vumbi jepesi. Gramu moja ya chia ina mbegu zaidi ya 700, kwa hiyo hata robo ya kikopo ilienea vizuri. Usiku huo mvua ikashuka kutoka Bondwa. Wanaokaa chini ya mlima huu wanaijua mvua ya aina hiyo; haianzi kwa matone. Asubuhi kipande chote kilikuwa kimechongwa vijikorongo, udongo wa juu umekwenda, na chia ilikuwa imeshafika kwenye mfereji wa barabara ikielekea Mto Morogoro pamoja na maganda ya miwa na chupa za plastiki.

Baba watoto alisimama akitazama, koti la mvua mabegani. Mama mkwe akamletea chai palepale nje, kisha akaanza kumhadithia habari za ngazi.

Kwa wasiozijua: ngazi ni makinga maji yaliyokatwa ubavuni mwa mlima, kila moja ni kijishamba chembamba kilicholala sawa, na ukuta wa udongo unaokishikilia. Ukienda Mgeta utaziona zikipanda mpaka ukungu unapoanzia, zimejaa kabichi, karoti na njegere. Katika sehemu nyingine za Uluguru historia yake ni ya machungu. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi chini ya mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Watu walichimba bure, siku baada ya siku, tena mahali pengine udongo wa juu wenye rutuba uligeuzwa ukafukiwa chini na ule wa chini usiozaa ukaletwa juu. Manung'uniko yakageuka kuwa ghasia. Mwaka 1955, huko Matombo, watu walikusanyika kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukavunjika, na katika milima mingi ngazi ziliachwa zikabomoka. Mgeta zilidumu, kwa sababu kule mboga za kupeleka sokoni zililipa jasho la anayezichimba.

Mama mkwe aliyasikia hayo kwa wazazi wake, na aliyasimulia bila kupandisha sauti. "Ngazi yenyewe haikuwa na ubaya," alimwambia mwanawe. "Ubaya ulikuwa fimbo. Wewe hakuna anayekushikia fimbo. Chimba."

Akachimba. Watoto wakasomba mawe, mimi nikapanda majani ya tembo ukingoni kama nilivyoelekezwa, na mama mkwe akasimamia jambo moja ambalo hakukubali lifanywe na mwingine: kutenga udongo mweusi wa juu kando, kusawazisha ule mwekundu, kisha kuurudisha ule mweusi juu yake na kuuchanganya na samadi ya mbuzi. Zilipokwisha, ngazi tatu zililala ubavuni mwa uwanja wetu na mvua iliyofuata ikanywewa yote palepale iliponyesha. Sijawahi kuona kazi ya jembe inayotuliza moyo kuliko ile.

Ngazi zilikuwa tayari. Mbegu, je?

Kikopo kilikuwa bado kina mbegu zilizobaki, nacho kilikaa rafuni jikoni juu ya mtungi. Mtungi ule ni wa mama mkwe. Alituletea miaka mingi nyuma ili wajukuu wanywe maji ya baridi yasiyo ya friji. Umewekwa juu ya kata kwenye kona isiyopata jua, na kama mitungi yote mizuri ya udongo, hutoa jasho. Kitinda mimba wetu, aliyependa kutazama mbegu zinavyovimba, alipanda kigoda akitaka kuchota chache. Kikopo kikamponyoka. Chia yote iliyobaki duniani kwa upande wetu ilimwagikia mabega ya mtungi, na kwa kuwa mabega yale yalikuwa na unyevu, kila mbegu ikanata ilipotua.

Nilichukua kitambaa kuzipangusa. Ziliteleza, zikajikusanya, zikanata pengine. Mtoto alikuwa analia. Mama mkwe akaja kutoka uani, akautazama mtungi wake, akanishika mkono wenye kitambaa.

"Ziache, mwanangu. Zimeshachagua mahali pa kulala."

Tukaziacha. Tuliendelea kuchota maji kwa juu, kwa kata, tukiangalia tusiguse pembeni. Baada ya siku chache utelezi ukaonyesha nukta nyeupe, nukta zikawa vijimizizi vilivyoshika vinyweleo vya udongo wa mtungi, kisha vikafuata vijani viwili viwili vya kijani kibichi. Mtungi mzima ukavaa manyoya. Watoto wa majirani walikuja kuutazama wakiwa na sare za shule, na mama zao wakawafuata.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo hilo si geni duniani. Huko Mexico, ambako mmea huu ndiko asili yake pamoja na Guatemala, kuna vyombo vya udongo vyenye sura za wanyama ambavyo hulowekwa na kupakwa mbegu za chia ili zivioteshee ngozi ya kijani. Marekani vikageuzwa kuwa bidhaa, na tangu tangazo la televisheni la mwaka 1982 watu wengi wa huko waliijua chia kwa vinyago hivyo kabla hawajajua kwamba inaliwa. Kabla ya Wahispania kuuteka mji wa Waazteki mwaka 1521, chia ilikuwa chakula kikuu cha watu wale pamoja na mahindi, maharage na mbegu za mchicha. Katika kitabu cha picha cha karne ya 16 kinachoitwa Codex Mendoza, ambacho sasa kimehifadhiwa Oxford, majimbo yaliyotawaliwa yanaonekana yakilipa kodi kwa maghala ya vyakula hivyo vinne. Nilipomweleza mama mkwe kwamba kuna watu waliotoza kodi ya mchicha, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza swali la mkulima: "Waliula majani au mbegu?" Mbegu, nikamwambia. Akatazama tuta lake la mchicha kwa heshima mpya.

Miche tuliing'oa mtungini kwa ncha ya kijiko, asubuhi, tukaihamishia kwenye beseni lenye udongo uliochekechwa, tukaifunika kwa makuti. Ilipopata majani manne, tukaipanda kwenye ngazi, umbali wa mkono mmoja kati ya mche na mche. Hiyo ilikuwa Aprili.

Sasa nije kwenye tukio lililoniuma kuliko mvua. Siku ya kliniki mama mkwe alitoka mapema, nami nilikuwa kazini. Tuna kijana anayetusaidia kibarua cha kupalilia, mwaminifu, mwenye mikono mepesi. Aliachiwa maagizo ya siku zote: apalilie, aache mboga. Akaingia kwenye ngazi. Aliona mchicha, akauruka. Aliona matembele, akayazunguka. Halafu akaona majani mapana kiasi, yenye meno pembeni na vinyweleo, yamejipanga mawili mawili, mimea ambayo hakuwahi kuikuta imepandwa kwenye nyumba yoyote. Akafanya anachopaswa kufanya mpaliliaji yeyote mwenye kujua kazi. Nilipofika jioni, ngazi mbili za juu zilikuwa safi kabisa, na chia ilikuwa imelazwa kwa mpangilio ukingoni, mizizi ikitazama jua.

Sikuweza kumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Muhindi una watetezi kila kona ya nchi hii. Hata mtoto wa chekechea akiuona mche wa muhindi njiani anaukwepa. Mpapai ukijiotea jalalani, mtu atausimamisha kwa kijiti. Chia ilikuwa ndani ya uwanja wetu tangu Aprili, imechimbiwa ngazi, imepewa samadi iliyosafiri kutoka Mgeta, na bado haikuwa na mtu wa kuisemea kwa sababu aliyeshika jembe hakuwahi kutambulishwa kwake. Mazao mageni mengi naamini yanakufa hivyo. Tunasingizia ardhi na hali ya hewa, wakati yameng'olewa na watu wema.

Mama mkwe aliporudi na dawa zake za macho, aliinama palepale kabla hata ya kuvua viatu vya safari. Akachukua shina lililonyauka, akalizungusha kati ya vidole. Akasugua jani, akanusa.

"Shina lina pembe nne," alisema. "Na harufu hii naifahamu. Huyu ni ndugu yake kivumbasi."

Nami nathibitisha kwamba ni ndugu yake kweli. Chia, kivumbasi, mrehani na mnanaa ni jamii moja, na shina la pembe nne ni alama ya ukoo wao. Msomi wa Sweden, Carl Linnaeus, aliyeipa chia jina la kitaalamu Salvia hispanica mwaka 1753, aliiweka pamoja na ndugu zake wa Salvia kwa kuchunguza maua. Mama mkwe wangu aliufikia ukoo wake kwa vidole na pua, jua likizama, akiwa na macho yanayomsumbua. Linnaeus aliihusisha na Hispania, ambako haikutoka. Mama mkwe hakuihusisha na mahali popote; aliiita ndugu tu, na hilo lilitosha.

Akamwita kijana. Hakumkaripia. Alimpa jani anuse, akamwekea shina vidoleni alipapase, akamwambia: "Huyu sasa ni mtu wa hapa." Jioni ileile tukairudishia ardhini ile miche ambayo mizizi yake ilikuwa bado imekumbatia udongo, tukaimwagia maji, tukaifunika. Baadhi ilishika. Ngazi ya chini, iliyojificha nyuma ya migomba, haikuwa imeguswa. Kuanzia siku hiyo kijana yule ndiye alikuwa askari wa chia. Hata kuku wa jirani walimjua.

Kuku, kwa kweli, hawakuitaka. Huchakura mizizi, lakini majani hawayali. Wadudu nao waliikwepa. Ukoo wa kivumbasi una mafuta yenye harufu majanini ambayo wadudu wengi hawayapendi. Wakati figiri yetu ilikuwa imetobolewa na viroboto wa majani, chia ilisimama nzima. Ilipanda hadi kiunoni, ikafika kifuani. Hapo ndipo mtaa ulipoanza kuuliza.

Jirani wa juu alinivuta pembeni msibani. "Mama, ule mmea wenu mrefu, una usalama kweli?" Nilielewa anachoogopa. Siku mbili tatu baadaye mwenyekiti wa mtaa akapita, kwa adabu, akasema amesikia tuna bustani nzuri. Mama mkwe alimkaribisha kiti, akamletea tawi zima, akalivunja mbele yake, akampa anuse. Kisha akamletea glasi ya chia iliyolowekwa na kukamuliwa ndimu. Mwenyekiti alikunywa, akauliza kama mbegu zitapatikana. Swali la usalama halikurudi tena, na jirani wa juu aliomba miche.

Maua yalitoka Mei mwishoni, mikungu myembamba ya rangi ya zambarau yenye ubuluu, na nyuki wakahamia kwetu. Kuna jambo hapa ambalo mtu wa Morogoro anapaswa kulijua, maana ni bahati yetu. Chia huhesabu urefu wa usiku. Haichanui mpaka mchana upungue kufikia saa 12 hivi. Ulaya na Marekani ya kaskazini, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu mno, inakua majani tu ikingoja, na inapoamua kuchanua baridi kali inaiua kabla mbegu hazijakomaa; ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky walilazimika kuzalisha aina zinazochanua mapema. Sisi hapa, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, mchana wetu mrefu kabisa wa Desemba ni saa 12 na nusu, na wa Juni unapungua chini kidogo ya 12. Ukipanda masika, mmea unapata mvua ya kukulia na siku zinazofupika za kuchanulia, kisha ukavu wa Juni na Julai wa kukaushia mbegu. Hata mpangaji stadi asingepanga vizuri zaidi.

Mavuno ni kazi ya asubuhi, umande ukiwa bado upo, kwa sababu mikungu iliyokauka ikiguswa na jua la saa sita humwaga mbegu chini. Tulikata kwa visu, tukatandaza kwenye turubai, tukapiga kwa fimbo nyepesi. Kupepeta kulihitaji mkono wa mama mkwe. Mbegu ya chia ni nyepesi karibu sawa na makapi yake. Ungo ukirushwa kwa nguvu ya mpunga, vyote viwili vinaondoka na upepo. Yeye alikuwa anautikisa ungo kwa mzunguko mdogo, karibu na ardhi, akipuliza kwa mdomo, mpaka mbegu zikajikusanya upande mmoja zikimetameta. Zilijaa sado moja na zaidi. Binti yetu alizitandaza kwenye shuka safi barazani zimalizie kukauka, tukaenda kulala tukiwa na furaha.

Julai mvua ni nadra mjini Morogoro. Lakini mlima una mambo yake. Alfajiri ukungu ulishuka na manyunyu, ya kulowesha nywele tu, yaliyokatika kabla ya jogoo wa pili, na upepo ukayasukuma hadi barazani. Mahindi yangelowa, tungeyaanika tena. Mpunga vilevile. Chia ikishakunywa, imekunywa. Tulipofungua mlango nusu ya shuka ilikuwa imegeuka utelezi wa kijivu, mzito, uliokamatana na kitambaa. Baba watoto alikaa kizingitini bila kusema neno. Mmea huo alikuwa ameupanda mara mbili na kuuzika karibu mara tatu.

"Leteni ndoo," mama mkwe alisema. "Na ndimu. Na sukari. Iteni watu."

Mbegu zile zilikuwa zimepepetwa na kuoshwa na maji ya mlima juu ya shuka safi. Hazikuwa na ubaya isipokuwa kwamba hazingeweza kusubiri. Tukazikwangua kwa vijiko, tukazimimina kwenye ndoo ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tukakamua ndimu, nyingine tukazitia maji ya machungwa ya Matombo. Mexico wananywa hivyohivyo hadi leo, maji, ndimu na sukari. Ilikuwa Jumapili. Watu waliotoka misa ya kwanza walipitia, waliokwenda ya pili walipitia, mwenyekiti alikuja na mke wake, kijana wetu wa kibarua akawaeleza watoto namna ya kuutambua mmea kwa shina lake. Kufikia saa tano ndoo zilikuwa tupu na nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa zimeijua chia kwa ulimi.

Nusu iliyokuwa upande wa ukutani ilibaki kavu. Tuliihamishia ndani, tukaikaushia kwenye sinia chumbani, tukaitia kwenye chupa za kioo. Baba watoto anaendelea na vidonge vyake na kliniki yake, na uzito wake umepungua. Kwa kiasi gani ni chia, na kwa kiasi gani ni kule kuchimba ngazi, siwezi kupima. Mama mkwe alirudi Mgeta na mbegu za kujaribu kwenye ngazi ya chini, ile isiyopigwa sana na baridi, kwani mmea huu haupendi baridi kali.

Wapo walioniuliza kama chia ni biashara. Kwa uwanja wa mjini, jibu langu ni hapana. Kagera wameilima na kuiuza, na majirani zetu wa Uganda wameilima kwa wingi zaidi. Wakulima huko wameona bei ikipanda mpaka kila mtu akapanda, kisha ikaanguka ghala zikiwa zimejaa. Anayetaka kulima eneo kubwa na amtafute mnunuzi kabla ya mbegu. Kwa ngazi mbili tatu nyuma ya nyumba, ambako mnunuzi ni uji wa watoto wako na glasi ya mzee wako, inalipa.

Basi msomaji wa Bigwa, wa Kola, wa Boma, na kokote mlimani: panda mwezi Machi au Aprili, kwenye udongo uliolala sawa, na usifukie mbegu zaidi ya unene wa kucha. Zikishapepetwa, zilaze ndani ya nyumba, hata kama mbingu imejaa nyota. Na kabla ya yote hayo, mwite kila anayeshika jembe uwanjani kwako, kuanzia mama mkwe hadi kibarua, umpe jani anuse na shina alipapase.